Machipukizi ya migomba na ugonjwa wa kusongamana majani mkoani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wakulima, wenye vitalu na wauza machipukizi wa Kigoma, hasa Buhigwe, Kasulu na vijiji vya mpakani. Maswali ni yale tunayokutana nayo mnadani, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye simu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni pana. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Ugonjwa huu ni upi hasa, na nitautambuaje shambani?

Ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia migomba. Kwenye mabango ya kilimo utauona umeandikwa kwa kifupi BBTD. Burundi wameishi nao tangu miaka ya 1980, ulipoonekana bonde la Rusizi, na Kongo tangu zamani zaidi. Kwetu umeshathibitishwa mkoani Kigoma, na Buhigwe, wilaya inayopakana na Burundi, ni miongoni mwa maeneo yaliyoguswa.

Watu wengi hungoja mpaka mgomba udumae ndipo washtuke, na hapo wamechelewa. Anza na jani changa. Shika kikonyo chake, geuza upande wa chini uelekee jua, halafu utazame taratibu kutoka pale kikonyo kinapotokea kwenye mgomba mpaka kwenye uti wa jani. Mgomba wenye virusi huwa na vistari vifupi na vidoa vya kijani kilichokoza, vimejipanga kwa urefu, kama mtu aliyejaribu kalamu ya wino kuona kama bado inaandika. Kama kikonyo kina vumbi au unga mweupe, kipanguse kwanza kwa kidole. Vistari hivyo hujificha chini ya unga huo na wengi huvipita.

Baadaye majani mapya hutoka membamba, mafupi, yamesimama wima, kingo zake za manjano, na ukilikunja jani linakatika badala ya kupinda. Yanasongamana kileleni, ndiyo maana ya jina. Mgomba ulioambukizwa ungali mchanga hautoi mkungu. Ulioambukizwa ukiwa mkubwa unaweza kutoa kimkungu chenye vidole vilivyopinda, au mkungu ukakwama shingoni na kushindwa kutoka.

Njaa ya mbolea na ukame navyo hudumaza migomba na kuipa umanjano. Tofauti ni vile vistari vya kijani. Njaa haileti vistari.

Ndizi za mgomba unaougua zina madhara kwa mtu?

Hazina. Virusi hivi ni vya migomba tu. Kula, pika, kamua pombe. Shida ni kwamba hutakuwa na ndizi za kula kwa muda mrefu.

Unaeneaje kutoka shamba moja hadi jingine?

Kwa njia mbili, na ukizichanganya utapigana vita upande usio na adui.

Njia ya kwanza ni mdudu. Wadudu mafuta wa migomba, wengine huwaita vidukari, ni wadogo, wa kahawia iliyokoza, na hupenda kujificha ndani ya maganda makavu chini ya mgomba, karibu na udongo, au kwenye jani changa ambalo halijafunguka. Ukitaka kuwaona, fuata sisimizi. Sisimizi hupanda mgomba kwenda kulamba utomvu mtamu unaotolewa na wadudu hao, kwa hiyo wanakopotelea ndiko waliko. Mdudu akifyonza mgomba mgonjwa kwa saa kadhaa hubeba virusi kwa muda mrefu wa maisha yake na kuvipeleka kwenye mgomba mwingine. Lakini safari yake ni fupi. Utafiti uliofanywa Australia katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba theluthi mbili ya maambukizi mapya yalikuwa ndani ya mita 20 kutoka kwenye shina gonjwa lililo karibu, na karibu yote yalikuwa ndani ya mita 86.

Njia ya pili ni mtu aliyebeba chipukizi. Huyo hana mita 86. Anapanda basi Kasulu asubuhi na jioni yuko Kibondo. Anashuka na boti Kibirizi. Anapakia miche kwenye Fuso linalokwenda Tabora. Ukisikia ugonjwa umezuka kijiji ambacho hakipakani na kijiji chochote chenye ugonjwa, usimlaumu mdudu. Uliza nani alipanda migomba mipya, na aliitoa wapi.

Chipukizi langu linaonekana zima kabisa. Kwa nini mnasema si salama?

Kwa sababu virusi huingia kabla dalili hazijatoka. Kwa kawaida ni majani mapya, yanayoota baada ya maambukizi, ndiyo huonyesha dalili, na kati ya kuambukizwa na kuonekana kunaweza kupita wiki chache au miezi kadhaa. Katikati ya muda huo chipukizi linang'aa na mnunuzi analisifu.

Halafu kuna jambo la shina. Migomba ya shina moja imeungana chini kwenye tunguu. Mmoja ukiambukizwa, virusi hushuka kwenye tunguu na kupanda kwenye watoto wote. Mzazi anaweza kuonyesha dalili huku mtoto aliye pembeni bado haonyeshi kitu, na mara nyingi huyo mtoto ndiye anayeng'olewa akauzwa kwa sababu "huyu hajaguswa". Chipukizi halitazamwi lenyewe tu. Linatazamwa shina lililolizaa, na mashina yaliyolizunguka shina hilo.

Tulifundishwa kumenya tunguu na kulichovya kwenye maji ya moto. Je, haitoshi?

Inatosha kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kuua minyoo fundo na kupunguza fukusi wa migomba. Endelea kufanya hivyo. Virusi viko ndani ya chembe hai za mmea na maji ya moto hayavitoi. Majivu, mkojo wa ng'ombe na dawa za ukungu havivitoi pia. Hakuna dawa inayotibu mgomba ulioambukizwa, na hakuna aina ya ndizi inayolimwa kwetu, iwe Mzuzu au Kisukari, unayoweza kusema haishikwi kabisa.

Je, panga linaambukiza? Ndugu zetu wa Kagera wanasema ukate mgomba ulioonyesha dalili tu na uunguze panga kwa moto.

Wanasema kweli, ila kwa ugonjwa mwingine. Kagera walipigwa na mnyauko wa bakteria, uliofika huko katikati ya miaka ya 2000. Ule unasambazwa na panga, na nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua la mgomba. Bakteria wake mara nyingi hawaenei kwa watoto wote wa shina, ndiyo maana kukata mgomba mmoja ulioonyesha dalili, kwa kurudia kila mara, kumewasaidia wengi.

Kwenye ugonjwa wetu ushauri huo ni hasara tupu. Panga halisambazi virusi hivi, kwa hiyo kuliunguza hakusaidii wala hakudhuru. Lakini kukata mgomba mmoja na kuacha ndugu zake kwenye tunguu lilelile ni kuacha ugonjwa pale pale. Hapa ni shina zima, mpaka tunguu. Tumeona watu wakifanya kazi ngumu kwa wiki nzima kwa kufuata kipeperushi cha ugonjwa usio wao. Soma kichwa cha kipeperushi kwanza.

Sheria inasema nini kuhusu anayezalisha au kuuza miche ya migomba?

Zipo sheria mbili za kuzijua. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro. Katika sheria hiyo mbegu si punje peke yake. Machipukizi, pingili, matunguu na miche vyote ni mbegu kama vinauzwa kwa kupandwa, na anayefanya biashara hiyo anatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa. Kuna daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, lililowekwa kwa ajili ya mkulima mdogo au kikundi kinachozalisha kwa soko la karibu. Masharti yake ni mepesi kuliko ya kampuni kubwa, na kwa mwenye kitalu wa kijijini ndiyo njia ya kuanzia.

Ya pili ni Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha. Hawa ndio wanaosimamia karantini, ukaguzi wa mipakani na uteketezaji wa mimea yenye visumbufu hatari.

Kwa maneno mafupi, TOSCI wanauliza kama mche ni bora na ni wa aina iliyotajwa, TPHPA wanauliza kama umebeba ugonjwa. Mwenye kitalu anajibu maswali yote mawili.

Tuseme ukweli hapa. Sheria zote mbili huona lori vizuri kuliko zinavyoona baiskeli. Machipukizi mengi ya Kigoma hayauzwi hata kidogo. Yanatolewa zawadi na shangazi, yanabadilishwa kwa mbegu ya maharage, yanabebwa na kijana anayeanza maisha. Hakuna mkaguzi atakayesimama kwenye kila njia ya miguu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya udhibiti itafanywa na watu wanaotoa na kupokea, au haitafanywa na yeyote.

Mama mkwe wangu yuko Burundi, ana migomba mizuri. Nikavuke kupitia Manyovu kuchukua machipukizi mawili tu?

Hapana, hata moja. Kuingiza mche wowote kutoka nje kunahitaji kibali cha kuingiza kilichotolewa na Tanzania kabla hujasafiri, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakoutoa. Kwa machipukizi ya shambani kutoka eneo ambalo ugonjwa umekaa kwa miongo, usitegemee kuvipata.

Tunajua swali hili si la biashara. Mpaka ule umekata koo zenyewe, watu wanaoana, wanazikana na kusalimiana kwa Kirundi na Kiha bila mkalimani. Mwambie mama mkwe akupe mkungu ulioiva badala ya mche. Mkungu utikise vizuri, kagua katikati ya vichane kama kuna wadudu, ondoa majani na maganda yaliyofungiwa. Usifunge kwa majani ya mgomba: mara nyingi mdudu husafiri kwenye kifungashio.

Na tafadhali tusiugeuze ugonjwa kuwa hadithi ya "walituletea". Ndani ya mkoa wetu machipukizi yanahama kila msimu bila mpaka wowote kuvukwa.

Nina kitalu kidogo nyumbani. Nifanye nini ili miche yangu iaminike?

Kitalu kinaweza kuwa tiba au kiwanda cha ugonjwa, na tofauti iko kwenye shina mama. Fikiria njia ya kuzalisha kwenye maranda: unachukua tunguu moja, unalimenya, unaua kilele, unalizika kwenye maranda yaliyochemshwa chini ya nailoni, na baada ya wiki kadhaa linachipua vitoto kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Kama tunguu lilikuwa na virusi, umezalisha wagonjwa ishirini na kuwapeleka kwenye mashamba ishirini. Chipukizi gonjwa kutoka kwa jirani lingeharibu shamba moja.

Kwa hiyo kwanza ni chanzo. Anza na mashina mama yaliyopimwa maabara, kupitia TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini, au afisa kilimo wa wilaya. Sampuli ya jani hupimwa kutafuta vinasaba vya kirusi, na kipimo hicho huona kile ambacho jicho halioni. Shamba mama liwe mbali na migomba ya watu. Ile mita 86 ya juu ikae kichwani, na ukipata zaidi ni bora. Likaguliwe kila mwezi, kikonyo kwa kikonyo, si kwa kutazama kutoka barabarani.

Kitalu chenyewe kizungushiwe chandarua chenye matundu madogo yasiyopitisha wadudu, mlango wake ufungwe. Mlango ndio huwashinda wengi. Chandarua cha gharama na mlango uliofungwa kwa kamba ya mkonge, kuku wanaingia na kutoka.

Kisha daftari. Andika kila fungu la miche: shina mama lipi, tarehe ya kuzika tunguu, miche mingapi ilitoka, nani alinunua, yuko kijiji gani na namba yake ya simu. Wenye vitalu huona daftari ni usumbufu wa watu wa ofisini, lakini siku shina mama moja likigundulika linaumwa, daftari ndilo litakaloonyesha ni kaya zipi za kwenda kukagua. Bila daftari kila mteja wako anakuwa mshukiwa na kitalu kizima kinateketezwa.

Mche ukionyesha dalili kitaluni, usiutoe peke yake na kuendelea kuuza wenzake. Simamisha mauzo ya fungu lote na uite mkaguzi.

Miche ya maabara ni salama moja kwa moja?

Ni salama ikiwa mgomba ulioanzia ulipimwa. Chupa na usafi wa maabara huondoa minyoo, fukusi, ukungu na bakteria wengi, lakini kirusi kilichomo kwenye mama kinaweza kuzaliana pamoja na mche ndani ya chupa. Uliza cheti cha kipimo. Na ukumbuke mche wa maabara ukishapandwa nje hauna kinga ya pekee. Jirani akiwa na mashina yanayoumwa, nao utaugua.

Ninaponunua machipukizi mnadani niulize nini?

Uliza yametoka shamba gani, na kama unaweza kwenda kuliona. Muuzaji anayejibu "huko juu tu" hajakujibu. Uliza kama amesajiliwa, na kama anazo karatasi akuonyeshe. Kagua maganda ya chini kama kuna sisimizi na wadudu. Kama bei ni ndogo mno na gari linasubiri kuondoka, acha.

Kwa maoni yetu machipukizi ya migomba yasingeuzwa mnadani kabisa kwenye wilaya zilizoguswa. Mnada unakusanya miche ya vijiji vingi kwenye lundo moja na kuitawanya jioni, na hakuna anayeweza kufuata nyayo zake.

Je, kuna mahali popote ambapo sheria za miche zilifanikiwa, au ni karatasi tu?

Australia. Ugonjwa uliingia huko mwaka 1913 kwa machipukizi kutoka Fiji, ambako ulikuwa umeonekana tangu 1889. Ndani ya takriban miaka kumi mashamba mengi ya ndizi kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales yalikuwa yametelekezwa. Wakulima walijaribu mbolea, walijaribu kubadili aina, walilaumu udongo. Mtafiti kijana, Magee, akaonyesha kwamba ni virusi vinavyobebwa na mdudu na chipukizi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1927.

Kanuni zilizotoka hapo hazikuwa za kisayansi sana. Kila mwenye migomba alisajiliwa. Hakuna kupanda bila kibali, na mche utoke mahali palipoidhinishwa. Wakaguzi walipita shamba kwa shamba, mashina yenye ugonjwa yakaharibiwa, na machipukizi yakazuiwa kutoka maeneo yaliyoguswa. Sekta ilisimama tena. Ukaguzi haujaachwa mpaka leo, na kaskazini mwa Queensland, ambako ndizi nyingi za nchi hiyo hulimwa sasa, ugonjwa haujaweka makazi.

Hatuwezi kuchukua mfano ule kama ulivyo. Wale walikuwa wakulima wa biashara, wachache, wenye mashamba yaliyopimwa. Sisi kila kaya ina mashina yake nyuma ya jiko. Kinachohamishika ni wazo kwamba chipukizi liwe na anwani.

Kijiji chetu kinataka kutunga sheria ndogo. Iandikwe nini?

Utaratibu mnaujua: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kuhusu yaliyomo, tungependekeza mambo machache yanayotekelezeka. Mtu yeyote anayeingiza machipukizi kijijini amjulishe afisa ugani au mtendaji kabla ya kupanda. Shina lenye dalili liripotiwe na ling'olewe ndani ya siku zitakazotajwa. Migomba iliyotelekezwa kwenye viwanja visivyo na mtu ihudumiwe na kijiji, maana ndiyo maficho makubwa ya ugonjwa na hakuna anayeitazama.

Faini iweni nayo, lakini msianze nayo. Kijiji kinachotangaza faini kabla ya kutangaza miche safi ya kufidia kitaambiwa hakuna mgonjwa hata mmoja. Mama anayetegemea mashina thelathini kwa chakula na pombe ya kuuza hatamwonyesha mgambo shina la kumi na mbili. Mkifika kwake na miche mbadala mkononi, atawaonyesha la kumi na mbili na la kumi na tatu.

Nitang'oaje shina ili nisisambaze zaidi?

Ua wadudu kwanza. Ukiutikisa mgomba wenye wadudu wazima, wale wenye mabawa wanahamia kwa jirani na virusi vyao. Nyunyiza kiuatilifu atakachokuelekeza afisa ugani, kuanzia kileleni hadi kwenye maganda ya chini na watoto wote, ukivaa vifaa vya kujikinga. Subiri wafe. Kisha chimba tunguu lote, lipasue vipande vidogo ili lisichipue, na uviache vikauke hapo hapo juani. Usitupe mtoni, usipeleke kwenye shamba jingine kama matandazo, na usimpe mtu "akajaribu bahati". Rudi kila baada ya wiki chache. Kipande kimoja cha tunguu kilichosahaulika kinachipua upya, na chipukizi hilo nalo lina virusi.

Baada ya kung'oa nipande lini tena, na jirani yangu akikataa kung'oa yake?

Virusi havikai kwenye udongo, kwa hiyo shamba halijalaaniwa. Sisi hushauri msimu mmoja mzima wa maharage au mahindi, muda ambao machipukizi yaliyobaki yatajitokeza na utayaona yote kati ya mistari. Msimu ukipita bila chipukizi, panda miche iliyopimwa.

Jirani akikataa, usipande migomba upande wa mpaka wake. Anza upande wa mbali, na kwenye mpaka weka muhogo, lakini pingili zake nazo ziwe safi, maana magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri kwa pingili vilevile. Kisha nenda kwa mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji, mkamtembelee pamoja siku ambayo shina lake limeshaanza kukwama mkungu.